Jiwe Ndilo Mwenyeji: Tafakuri juu ya Kuhamisha Mwamba wa Bahari

Wahakiki wa fasihi wamezoea kulitumia neno "kuhamisha" kana kwamba ni neno jepesi. Utenzi huhamishwa kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi. Ngano huhamishwa kutoka kinywani hadi kitabuni. Shairi lililotungwa kwa ajili ya ugomvi wa mtaa mmoja huhamishwa hadi darasani, ambako hakuna aujuaye mtaa huo wala ugomvi wenyewe. Katika kila hali, swali linaloulizwa aghalabu ni moja: je, maneno yamefika salama? Ni nadra kuulizwa ni kitu gani kilichokuwa kikiyaweka maneno hayo hai kabla ya safari. Swali hilo la pili ndilo lililomkabili mhadhiri mmoja wa fasihi ya Kiswahili mwezi wa Julai mwaka 2018, na halikumjia kwa njia ya kitabu. Lilimjia kwa njia ya tangi la kioo, samaki watano na baba yake mzazi.

Tangi lenyewe lilikuwa Mombasa, katika nyumba ya kupanga mtaani Tudor. Urefu wake ulikuwa sentimita 120, upana 60 na kimo 60, nalo lilichukua lita 400 na ushei za maji ya bahari. Mzee, aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini hadi alipostaafu, alilianzisha mwaka 2004. Wageni waliofika nyumbani kwake waliwatazama samaki: jozi ya samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe waliokaa ndani ya anemoni, kangaja mmoja aliyezunguka kutwa bila kutua, na wengine wawili wadogo walioshinda wakichakura mchanga. Mzee mwenyewe, alipoulizwa habari za tangi lake, hakuanza na samaki. Alianza na mawe.

Samaki na matumbawe laini aliwapata kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Mawe hayakununuliwa. Yalitoka katika ukuta wa nyumba ya bibi yake, Mji wa Kale, uliobomoka katika msimu mmoja wa mvua za masika. Nyumba za kale za Mombasa, sawa na Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mzee aliyachagua yale yenye matundu mengi, akayakwangua chokaa, akayaloweka na kuyabadilishia maji ya bahari kwa miezi kadhaa, hadi yalipoanza kuota ukoko wa zambarau wa ule mwani unaojijengea chokaa. Jiwe lililotolewa katika bahari ya kale ili liwe nyumba likarudishwa majini ili liwe nyumba tena. "Samaki ni wageni," mzee alizoea kusema. "Jiwe ndilo mwenyeji."

Kauli hiyo inaungwa mkono na historia ndefu kuliko alivyojua. Mwaka 1832 Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Messina katika kisiwa cha Sicily, aliunda matangi ya kioo ili apate kumchunguza mnyama wa bahari wa jamii ya pweza akiwa hai. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichoitwa The Aquarium, na tamaa ya kuwa na bahari sebuleni ikaenea Uingereza nzima. Watu wa enzi hiyo walijali maji na mimea. Jiwe kwao lilikuwa pambo. Iliwachukua wafugaji zaidi ya karne moja kugundua kosa hilo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi alivyoyaweka matumbawe hai kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wake, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, basi.

Sababu yake ni ya kikemia, na inafaa ielezwe kwa kuwa ndiyo kiini cha tafakuri hii. Samaki hutoa amonia, nayo amonia ni sumu kwake hata ikiwa kidogo sana. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni haba. Ndani kabisa ya jiwe, mahali pasipofika oksijeni, wamo bakteria wengine wanaoigeuza nitreti kuwa gesi ya naitrojeni ikaenda zake hewani. Bakteria hao wote hawaonekani kwa macho, na walio wengi hawaishi katika maji. Wanaishi juu ya mawe, ndani ya matundu yake na baina ya chembe za mchanga. Mtu anayeyabeba maji yote ya tangi na kuyaacha mawe yakauke huwa amebeba chumvi tu.

Mhadhiri aliyajua hayo yote. Alikuwa amesoma kwa bidii ya mtu aliyezoea kuandaa tasnifu, na akaandika katika daftari hatua 31 za kuhamisha tangi la baba yake kutoka Mombasa hadi Nairobi. Sababu ya kuhama ilikuwa wazi. Mwezi wa Februari mzee, ambaye alikuwa na umri wa miaka 76 na mjane wa miaka mitatu, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilala sakafuni tangu adhuhuri hadi baada ya sala ya alasiri. Binti yake alipopata habari hizo alifikiri juu ya sakafu, juu ya maji yaliyomwagika, juu ya saa tatu ambazo baba yake alikuwa peke yake. Aliamua hapo hapo kwamba mzee hataishi tena bila mtu wa nyumbani. Jambo moja tu halikuingia katika hesabu yake: ni nani waliomkuta. Walikuwa wazee wenzake wa barazani, ambao kiti chake kilipobaki kitupu na kahawa yake ikapoa, walitazamana, wakainuka wote kwa pamoja, wakaenda kuusukuma mlango.

Mzee hakubishana. Aliuliza tu, "Na mawe?"

"Mawe yatakuja, Baba. Kila kitu kitakuja."

"Basi haya."

Matayarisho yalianza wiki mbili kabla. Nairobi hakuna bahari. Kwa hiyo binti alinunua chumvi maalumu ya matangi na kuyachuja maji ya bomba, akijihadhari na ya visima virefu ambayo katika eneo hilo aghalabu huwa na floraidi nyingi. Alikoroga lita 200, gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani kilo saba, akaziacha zizungushwe na pampu kwa siku mbili hadi haidromita iliposoma 1.025. Alinunua hita ya pili, kwa kuwa tangi ambalo Mombasa halikuhitaji kupashwa moto lingekabiliana na Julai ya bara. Aliongeza pampu ya hewa pia. Katika kimo cha mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 tu ya lile la pwani, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi kama hicho. Samaki wa Mombasa akifikishwa Nairobi hupungukiwa na pumzi hata maji yawe safi namna gani.

Siku yenyewe, samaki walikuwa hawajalishwa kwa siku mbili ili wasiyachafue maji ya safari. Hita ilizimwa kwanza, kwani ikibaki kuwaka nje ya maji hupasuka. Kisha maji ya juu, yaliyo mangavu, yakavutwa kwa mpira na kutiwa katika mitungi kumi ya lita ishirini kabla ya mchanga kutibuliwa. Binti alitaka maji zaidi.

"Ya nini?" mzee aliuliza kutoka kitini, mkongojo ukiwa magotini. "Nusu yatosha, ili wasishtuke. Maji mapya si adui, mwanangu. Adui ni jiwe kukauka."

Matumbawe laini yalitangulia, kila kipande katika chombo chake. Mawe yakafuata, mengine yakizamishwa ndani ya mapipa na mengine yakifungwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari. Anemoni alibandukana na jiwe lake baada ya robo saa ya kubembelezwa kwa ncha za vidole. Samaki waliachwa mwisho. Kumfukuza samaki baina ya mawe ni kazi isiyokwisha, lakini mawe yakishatolewa na maji yakishapungua hadi kiganja kimoja, hana pa kujificha. Mzee alisimama kwa mkongojo akaja kuwatazama walivyojikunyata katika kona ya kioo, mahali palipokuwa makazi yao kwa miaka, na sasa hapana chochote. Hakusema neno. Mchanga wa chini ulipotibuliwa ukatoa uvundo wa mayai viza, kwa kuwa katika tabaka lisilo na hewa hujikusanya gesi yenye salfa. Mzee akaamuru umwagwe wote isipokuwa magao mawili ya tabaka la juu. "Hiyo ni taka ya miaka," alisema. "Si kila kilicho chetu ni cha kubebwa."

Lori dogo liliondoka Mombasa saa tatu usiku ili kuliepuka joto la mchana la nyika. Safari ni ya kilomita 480 hivi. Binti alikaa nyuma pamoja na mapipa, akivifuata vipimo kwa tochi. Mzee alikaa mbele pamoja na dereva, ndoo ya samaki wa chungwa ikiwa baina ya miguu yake na pampu ya betri ikinguruma kama paka. Hadi Voi maji yalibaki nyuzi 26. Mtito Andei yalisoma 24. Kuanzia Sultan Hamud baridi ilianza kuingia kwa kasi, na binti akazitoa blanketi zote alizozinunua kwa kazi hiyo, akayafunika mapipa, akaziviringisha ndoo. Alfajiri, foleni ya malori ilipowazuia karibu na Athi River, alishuka kwenda mbele kuipima ndoo ya baba yake. Maji yalikuwa nyuzi 22. Alichukua blanketi ya mwisho akaizungushia ndoo mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anayemvika mtoto. Alipoinuka ndipo alipomwona baba yake. Mzee alikuwa amevaa kanzu na kikoi, kama alivyotoka Tudor. Mikono yake ilikuwa imefumbatwa makwapani na midomo ilikuwa ikitetemeka. Katika hatua 31 zilizoandikwa daftarini, hakuna hata moja iliyotaja sweta.

Dereva alikuwa amemvua mzee viatu vilivyolowa na kumpa soksi zake mwenyewe. Binti hakuwa ameliona hilo pia.

Tangi lilisimamishwa siku hiyo hiyo, juu ya meza iliyopimwa kwa pimamaji ili uzito wa nusu tani usiulemee upande mmoja wa kioo. Samaki walizoeshwa maji mapya kwa matone, kwa zaidi ya saa moja. Siku ya tatu kipimo cha amonia kilipanda, kama ilivyotarajiwa: katika kila safari wapo viumbe wadogo wa mawe, hasa sifongo waliopigwa na hewa, ambao hufa na kuoza. Robo ya maji ilibadilishwa. Siku ya nne kangaja alikutwa ameegemea jiwe ubavu, rangi yake imefifia. Kufikia adhuhuri alikuwa amekufa. Siku ya kumi amonia ilishuka, nitraiti ikafuata, na kabla ya kutimia wiki tatu vipimo vyote viwili vilisoma sifuri. Mawe yalikuwa yameshika. Binti aliwaambia wenzake wa idara, kwa fahari aliyoistahili, kwamba mwamba wa bahari umehamia bara na hasara ilikuwa samaki mmoja.

Hapa yafaa kukumbuka uhamisho mwingine uliotoka Mombasa hiyo hiyo. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840, alitunga mashairi kwa ajili ya watu waliomjua: juu ya vita na Lamu, juu ya uhasama wa Mazrui na Sayyid Said wa Unguja, juu ya njaa, mapenzi na utani wa jirani. Mengi hayakuandikwa alipoyatunga. Yaliishi vinywani kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kutoka kwa wakongwe wa Mombasa na kumpa mmishenari W. E. Taylor, pamoja na maelezo ya maneno na ya matukio. Miswada ilivuka bahari, na sasa imehifadhiwa katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London. Mwaka 1940 William Hichens aliitoa diwani yake Johannesburg. Mwaka 1979 kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz kilichotolewa Nairobi kilimrudisha Muyaka katika historia na jamii yake.

Ni desturi kumshukuru Taylor kwa kuyaokoa maneno. Hata hivyo, maneno yalikuwa samaki. Alichokifanya Mwalimu Sikujua, na ambacho kilikuwa kigumu zaidi, ni kuyafungia mawe katika magazeti mabichi: nani alisema, kwa nani, kwa sababu gani, kijembe kilimlenga nani. Pale maelezo hayo yalipokosekana, yapo mashairi yaliyofika yakiwa na vina kamili na mizani kamili, yakiogelea vizuri machoni mwa msomaji, ilhali hakuna ajuaye yanasema nini. Mhadhiri alikuwa ameyafundisha mashairi hayo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amewaeleza wanafunzi wake mara nyingi umuhimu wa muktadha. Mwezi wa Oktoba aligundua kwamba alikuwa akilifundisha neno hilo bila kulijua.

Vipimo vya mzee vyote vilikuwa vizuri. Nyonga ilikuwa ikipona; shinikizo la damu lilikuwa la kawaida; chumba kilikuwa na joto; bafu lilikuwa na vishikio. Chakula alikila alipopewa. Lakini alikuwa ameacha kusema. Nyumba ilikuwa ghorofa ya nne, katika mtaa wenye malango yaliyofungwa na majirani walioondoka kabla ya mapambazuko na kurudi usiku. Katika wiki za mwanzo alikuwa akishuka asubuhi na kukaa karibu na lango, akimsalimu kila aliyepita. Wengine walimjibu kwa kuinua simu kidogo. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimwitikia kila siku, lakini kazi yake haikumpa nafasi ya kuketi. Baadaye mzee aliacha kushuka. Alikaa mbele ya tangi kutwa nzima, na binti aliporudi jioni alimkuta katika kiti kile kile, mwanga wa buluu ukiwa usoni mwake.

Jioni moja binti alimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu. Ila hapa nikianguka, atakayejua ni wewe tu. Nawe warudi saa mbili usiku."

Ni maneno machache, na aliyatamka bila lawama. Usiku huo binti alifanya hesabu ambayo hakuifanya Februari. Sakafu ya Tudor ilikuwa na utelezi, na ndiyo iliyomwangusha. Lakini alikuwa ameokotwa baada ya saa tatu na watu ambao hawakuwa ndugu zake, hawakuajiriwa, hawakuwa na ufunguo, na ambao kazi yao barazani, kama angeulizwa siku ile, angesema ni kunywa kahawa na kusengenya. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiigeuza sumu ya kila siku, ya ukiwa, uzee na ujane, kuwa kitu kinachoweza kuvumilika. Yeye alikuwa amekwangua jiwe, akamleta samaki katika maji yenye vipimo sahihi.

Alijaribu kurekebisha. Mwezi wa Novemba aliwaalika wanafunzi wanne wa uzamili nyumbani, kwa kisingizio cha somo la Muyaka. Kwa muda wa nusu saa mzee aliwasikiliza wakisoma kutoka chapa. Kisha akainua kidole. "Soma tena neno hilo." Mwanafunzi akasoma. Mzee akamweleza kwamba Kimvita kina *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni, na kwamba la pili hutamkwa kwa pumzi; huandikwa sawa lakini hayasikiki sawa, na mtunzi anaweza kucheza na yote mawili kwa pamoja. Aliyatamka mara tatu. Wanafunzi, ambao wote walitoka bara, waliweka viganja mbele ya midomo yao ili kuipata ile pumzi, wakacheka walipoipata. Mzee naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Julai. Walikaa hadi saa tano usiku. Wakaja tena mara mbili, kabla ya mitihani kuwatawanya.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo na kudai kwamba jiwe jipya lilikuwa limeshika. Halikushika. Baraza si somo la mara moja kwa wiki, sawa na ambavyo tangi haliwezi kuhudumiwa na bakteria wanaotembelea Jumamosi. Mwezi wa Januari mwaka 2019 mzee aliomba kurudi Mombasa, na binti hakubishana. Mpwa wake alikuwa na chumba cha chini huko Kibokoni, hatua ishirini kutoka msikitini, na sakafu ikawekwa zulia la mpira na vishikio kama vile vya Nairobi. Alisafiri kwa gari la moshi, mchana, amevaa sweta.

Haifai pia kudhani kwamba alirudi katika mahali palipokuwa pakimsubiri bila kubadilika. Mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza kulikataa wazo hilo. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoipiga pwani ya Kenya, alikuwa mmoja wa walioiona miamba ikigeuka nyeupe kwa maili nyingi kisha ikafa sehemu kubwa, na hakuna aliyekuwa ameihamisha. Barazani viti viwili vilikuwa vimekwisha kuwa vitupu kabla hajafika. Mwana wa Gosse, Edmund, aliyekua na kuwa mhakiki wa fasihi, aliandika katika Father and Son, kitabu cha mwaka 1907, jinsi mabwawa ya miambani aliyoyajua utotoni katika pwani ya Devon yalivyoharibiwa na umati wa wakusanyaji waliochochewa na vitabu vya baba yake. Asili nayo hufa. Anayeyatoa maandishi pwani kwa hofu kwamba yatapotea huenda ana haki. Taylor alikuwa nayo. Kosa haliko katika kuhamisha. Liko katika kuhesabu kilichofika bila kuuliza kilikuwa kikilishwa na nini.

Tangi lilibaki Nairobi. Mzee alikataa lirudishwe: mawe yameshika, alisema, na safari ya pili ni dhuluma. Anemoni amejigawa mara mbili tangu hapo. Ukoko wa zambarau umezifunika hata alama za mwiko ambazo hazikukwanguka katika jiwe la ukuta wa bibi. Kila jioni, baada ya magharibi, simu hulia kutoka Kibokoni, na kabla ya habari za nyumbani mzee huuliza maji yamepungua kiasi gani. Hewa ya bara ni kavu. Katika miezi ya jua hupungua lita tatu kwa siku. Binti huongeza maji matamu, yasiyo na chumvi hata chembe, polepole, kwa kikombe. Ndivyo alivyofundishwa: kinachopaa ni maji peke yake, chumvi haiendi popote, na anayejaza kwa maji ya chumvi ataua kila kitu kwa mwezi mmoja akidhani anarudisha kilichopotea. Nyuma ya sauti ya mzee husikika vikombe vikigongana na mtu akicheka kwa mbali.

"Lita ngapi leo?"

"Mbili na nusu, Baba."

"Haya. Ngoja nikaulize kahawa yangu. Wameniita."